Biashara Yetu na Indonesia: Aliyepanda Ndiye Anayevuna

Urafiki baina ya mataifa ni jambo la heri, na nchi yetu haijapata kuuonea haya urafiki wake na mataifa ya Asia. Mwezi Aprili 1955, wajumbe wa Asia na Afrika walipokutana katika mji wa Bandung, Indonesia, na kutamka hadharani kwamba enzi ya kutawaliwa imefika ukingoni, TANU ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja tangu izaliwe, na Afro-Shirazi Party ilikuwa haijazaliwa kabisa. Tanganyika na Zanzibar zote mbili zilikuwa bado chini ya Waingereza. Hata hivyo sauti ya Bandung ilivuka bahari, na wazee wetu waliotangulia katika harakati waliipokea kama sauti ya ndugu.

Udugu huo umeendelea kupaliliwa. Mwezi Agosti 2023 Rais Joko Widodo wa Indonesia alifika Dar es Salaam kwa ziara ya kitaifa. Mwezi Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan naye alikwenda Indonesia, akapokewa kwa heshima zote katika mji wa Bogor. Hati za makubaliano zikatiwa saini, na maneno mazuri yakasemwa pande zote mbili. Tunawapongeza viongozi wetu kwa hayo. Lakini pongezi zikikwisha, mwenye akili ya biashara hukaa kitako akafungua hesabu zake, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Leo tunakusudia kulifungua daftari la biashara yetu na Indonesia, na hasa kurasa zake mbili: ukurasa wa karafuu na ukurasa wa mawese. Kurasa hizo zinawahusu wakulima wa Pemba na Unguja. Zinawahusu wakulima wa Kigoma. Na zinamhusu kila mama wa hapa Kunduchi anayesimama mbele ya karai la samaki tangu asubuhi hata magharibi, awe amepata kulisikia jina la Indonesia au hajapata.

MITI MIWILI

Mkarafuu, ambao dunia nzima huutaja pamoja na jina la Zanzibar, si mti wa asili yetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya nchi ambayo leo huitwa Indonesia. Katika karne ya 17 Waholanzi waliviteka visiwa hivyo kwa ajili ya karafuu, wakaing'oa mikarafuu mahali pengi na kuiacha pale tu walipoweza kuilinda, ili kila punje iuzwayo duniani ipite mikononi mwao. Katika karne iliyofuata Wafaransa waliipenyeza miche hadi visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko ukafika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said bin Sultan akaamuru upandwe kwa wingi, na waliopanda na kuchuma wakawa watumwa, ambao jasho na damu yao havikuandikwa katika daftari lolote. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu.

Mchikichi nao una safari yake, iliyokwenda upande wa pili. Asili yake ni Afrika, Magharibi na Kati, na ndugu zetu wa Kigoma wameujua tangu enzi za mababu: mafuta yake wameyala, na maganda yake wameyatia motoni. Mwaka 1848 Waholanzi walipanda miche minne tu ya mti huo katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java. Mji wenyewe ni huo huo ambao Rais wetu alipokewa mwaka 2024. Kutokana na mbegu za miche ile minne yalipatikana mashamba ya kwanza ya biashara huko Sumatra mwaka 1911, na hatimaye sehemu kubwa ya michikichi ya Asia ya Kusini-Mashariki. Leo hii Indonesia peke yake inatoa zaidi ya nusu ya mawese yote ya dunia.

Basi pwani mbili hizi zilibadilishana miti. Wao walitoa mkarafuu, Afrika ikatoa mchikichi. Mbadilishano wa namna hiyo ungeweza kuitwa wa haki kama kila upande ungefaidika sawa na mwenziwe. Lakini angalia hesabu ilipofikia. Mchikichi, mti wa Afrika, umemtajirisha Mwindonesia, na sisi tunanunua mafuta yake. Mkarafuu, mti uliokuja kwetu tukajivunia, nao pia Mwindonesia ndiye mkulima wake mkubwa kuliko wote duniani. Amelishika bao pande zote mbili. Lazima tujiulize, bila hasira na bila wivu, jambo hili lilitokeaje.

MTEJA MMOJA

Waindonesia ni wavutaji wa sigara za karafuu, ambazo huziita kretek. Sigara hizo zilianzia katika mji wa Kudus, kisiwani Java, mwishoni mwa karne ya 19, na viwanda vyake vikakua hata vikala karafuu nyingi kuliko ilivyotolewa na mashamba yao wenyewe. Ndipo nchi iliyokuwa chimbuko la karafuu ikageuka kuwa mnunuzi mkubwa, na wauzaji wake wakawa Zanzibar na Madagaska. Kwa miaka mingi, kabla ya Mapinduzi ya 1964 na baada yake, sehemu kubwa ya karafuu yetu ilikuwa ikiishia mapafuni mwa wavutaji wa Java.

Miaka ya 1970 ilikuwa miaka ya neema. Bei ya karafuu ilipanda, na karafuu ndiyo iliyokuwa ikiingiza sehemu kubwa kabisa ya fedha za kigeni za Zanzibar. Shule na hospitali zilizotolewa bure kwa wananchi baada ya Mapinduzi, na kazi nyingi za ujenzi wa Visiwa, zilisimama juu ya jamvi la karafuu. Hatusemi kwamba fedha zile zilipotea. Tunasema kwamba mti wenyewe haukupewa haki yake. Mikarafuu mingi ilikuwa ya tangu enzi za masultani, mingine imezeeka, mingine imeshikwa na maradhi, na kasi ya kupanda haikulingana na kasi ya kuchuma. Mkulima aliyepewa eka zake tatu baada ya Mapinduzi aliambiwa auze kwa Serikali peke yake, na bei aliyolipwa ilikuwa sehemu ndogo ya bei iliyopatikana ng'ambo. Mtu hapalilii kwa moyo mti ambao matunda yake huyaona yakipita.

Wakati huo huo, huko Jakarta, Serikali ilikuwa imekaa kitako na daftari lake. Iliona kwamba taifa lao linatumia fedha za kigeni kununua karafuu ambayo asili yake ni kwao. Wakaazimia kupanda. Miche ikaoteshwa na kugawiwa, mashamba yakafunguliwa Sulawesi, Sumatra na kwingineko, na wakulima wadogo kwa maelfu wakaingia katika kilimo hicho. Mkarafuu huchukua miaka mitano hadi minane kabla ya kuzaa vizuri. Maana yake ni kwamba sisi tulikuwa na miaka hiyo yote ya kuliona jambo linalokuja. Mteja wetu alikuwa akipanda waziwazi, mchana kweupe, nasi tukaendelea kumhesabu kuwa mteja wa milele.

Katikati ya miaka ya 1980 Indonesia ilikaribia kabisa kujitosheleza. Bei ya karafuu ikaporomoka, na uchumi wa Zanzibar ukaporomoka nayo. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoupokea uongozi wa Zanzibar mwaka 1984 alikuta hazina imekauka na maduka hayana bidhaa, na haikuwa ajabu kwamba mojawapo ya hatua zake za mwanzo ilikuwa kulegeza masharti ya biashara. Huku Pemba, mkulima aliyeona bei imekufa aliacha shamba likamea magugu. Mwingine alipakia karafuu yake usiku kwenye mashua akaivusha hadi Kenya. Tuliwaita wahalifu, na sheria ni sheria. Lakini magendo ya karafuu yalikuwa pia barua iliyoandikwa na mkulima kwa Serikali yake, na barua ile ilichukua miaka mingi kusomwa.

Ilisomwa hatimaye. Serikali ya Mapinduzi chini ya Dk. Ali Mohamed Shein, aliyeongoza tangu 2010 hadi 2020, iliamua kwamba mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Bei ya ndani ikapanda sana mwaka 2011, na karafuu nyingi zikarejea kwenye vituo vya Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Hilo ni somo la wazi kwa kila ofisa: mkulima akilipwa haki yake, doria ya baharini hupungukiwa na kazi.

MWEZI ULE WA 2022

Tuugeuze sasa ukurasa wa pili. Tanzania ina ardhi, ina alizeti, ina pamba, ina karanga, ina ufuta, ina michikichi. Na bado kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya mafuta ya kula tunayoyatumia imekuwa ikitoka nje, na mengi ya hayo ni mawese ya Indonesia na Malaysia. Yanafika ghafi katika meli, husafishwa katika viwanda vyetu vya pwani, kisha husambazwa katika madumu hadi kwenye duka la mtaani ambako huuzwa kwa kipimo.

Mwaka 2022 tulionyeshwa maana ya jambo hilo. Vita vya Ukraine vilivyoanza mwezi Februari viliyumbisha soko la alizeti duniani. Bei ya mafuta ya kula ikapanda kila mahali, hata ndani ya Indonesia yenyewe, ambako wananchi walipanga foleni kutafuta mafuta katika nchi inayoongoza duniani kwa kuyatoa. Rais Joko Widodo akachukua hatua ambayo kiongozi yeyote anayewajali watu wake angeifikiria: tarehe 28 Aprili 2022 alizuia mawese yasitoke nchini, na zuio hilo likadumu hadi tarehe 23 Mei. Hazikutimia siku thelathini.

Siku hizo chache zilitosha kutufundisha. Hapa Kunduchi Pwani mashua zikifika, samaki wengi hawaendi mbali kabla ya kukaangwa. Wanawake hununua ndoo kwa mnada, hupara, hukaanga, kisha huwapelekea wateja wa Mtongani, Tegeta na Mwenge. Mtaji wao ni samaki na mafuta. Samaki bei yake hupangwa na bahari na mnada, na wao wamezoea mashaka ya bahari. Lakini bei ya mafuta ilikuwa ikipangwa Jakarta, na hapakuwa na mtu wa kuwaeleza kwa nini dumu la juzi si dumu la leo. Aliyepandisha bei ya kipande alikimbiwa na wateja. Aliyeiacha bei palepale alikula mtaji wake. Wala hatuna haki ya kumlaumu Rais wa watu wengine kwa kuwalisha watu wake kwanza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na ndugu mwenyewe hana kosa.

USHURU PEKE YAKE HAUOTESHI MTI

Wako wanaosema dawa ni ushuru. Mwaka 2018 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula yatokayo nje hadi asilimia 25, na ule wa mafuta yaliyosafishwa hadi asilimia 35, kwa nia njema ya kumlinda mkulima wa alizeti wa Singida na Dodoma. Sisi hatupingi kumlinda mkulima. Lakini ushuru ni ukuta, na ukuta hauzai matunda. Ukijengwa ukuta ilhali ndani yake hakuna mbegu bora wala kinu cha kukamulia kilicho karibu na shamba, anayelipa gharama ya ukuta huo ni mama wa karai. Kumlinda mkulima kwa kumkamua mlaji maskini ni kuhamisha mzigo kutoka bega moja hadi bega jingine la mnyonge.

Siri ya Indonesia haimo katika ushuru, wala haimo katika rutuba ya ardhi peke yake. Imo katika mambo matatu ambayo hata sisi tunaweza kuyafanya.

La kwanza ni mbegu. Mchikichi wa kienyeji una kokwa kubwa na nyama haba. Wataalamu walipochanganya aina mbili walipata mbegu iitwayo Tenera, yenye nyama nyingi na mafuta mengi zaidi, na Waasia wakaifanya ndiyo mbegu ya mashamba yao. Sisi tumeanza. Tangu mwaka 2018 Waziri Mkuu wa wakati ule, Ndugu Kassim Majaliwa, aliivalia njuga kampeni ya michikichi mkoani Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu hiyo ya Tenera. Ni kazi njema, na imekuja miaka 170 baada ya miche minne ya Bogor.

La pili ni kinu. Chikichi zikichumwa hazingoji. Zikikaa siku chache mafuta yake huharibika. Kwa hiyo Indonesia, hasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ilianzisha utaratibu wa kumfungamanisha mkulima mdogo na shamba kubwa lenye kinu, ili mkulima apate miche, mkopo na mahali pa kuuza. Utaratibu huo ulikuwa na dhuluma zake, na wako wakulima waliopoteza ardhi. Lakini leo wakulima wadogo wanashikilia takriban asilimia 40 ya eneo la michikichi ya nchi hiyo. Ni jambo la kutafakari kwa sisi tuliokulia katika siasa ya kumtanguliza mkulima mdogo.

La tatu ni ukaidi wa kutouza kitu kibichi. Tarehe 1 Januari 2020 Indonesia ilizuia kabisa mawe ghafi ya nikeli yasitoke nchini, na kuwaambia wanunuzi: mkitaka nikeli yetu, njooni mjenge viwanda hapa. Mataifa makubwa yalipiga kelele, yakaishtaki mbele ya Shirika la Biashara Duniani. Viwanda vikajengwa hata hivyo. Nasi tuna nikeli yetu ya Kabanga, wilayani Ngara. Tuitazame kwa jicho hilo.

Haki inatudai tuseme pia yaliyowaponza, maana mwanafunzi mwema haigi hata makosa ya mwalimu. Mashamba ya michikichi yamekula misitu mikubwa ya Sumatra na Kalimantan, na moto wa mwaka 1997 na ule wa 2015 ulifunika kwa moshi hata nchi jirani. Katika karafuu nako, mwishoni mwa mwaka 1990 utawala wa Rais Suharto ulimkabidhi mwanawe, Tommy, ukiritimba wa kununua na kuuza karafuu yote ya nchi. Wakulima wakapunjwa, wengine wakaikata mikarafuu yao, na ukiritimba huo haukuvunjwa hadi 1998. Mwenye kushika mizani peke yake, awe mtoto wa mkubwa au shirika la umma, huhitaji kuchungwa na wenye mali.

MWANI NI KENGELE YA TATU

Tungedhani mambo haya ni ya zamani kama si mwani. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Kimewapa maelfu ya wanawake wa Visiwani fedha yao ya kwanza ya mkononi: waliosomesha watoto, waliojenga nyumba, walionunua vyombo. Lakini tumeuza mwani mkavu katika magunia, na bei yake imekuwa ikipangwa mbali. Na ni nani mkulima mkubwa kuliko wote duniani wa mwani wa namna hiyo? Ni Indonesia.

Serikali ya Mapinduzi imeliona hilo, ikaamua kujenga kiwanda cha mwani huko Chamanangwe, Pemba. Tunaunga mkono. Pia tunakumbusha kwamba Pemba haikukosa kiwanda siku za nyuma. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, kimekuwepo tangu miaka ya 1980, kikikamua mafuta kutokana na makonyo ambayo zamani yalitupwa au kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kiwanda hujengwa siku moja na hufunguliwa kwa ngoma; kazi ngumu ni kukilisha, kukitengeneza na kukitafutia soko kila siku baada ya ngoma kuondoka.

NINI KIFANYIKE

Maadamu makubaliano yamekwisha kutiwa saini, tunayo mambo manne ya kuwaeleza ndugu zetu maofisa wa pande zote mbili za Muungano, kwa heshima na kwa uwazi.

Kwanza, katika mazungumzo na Indonesia tuombe ujuzi kabla ya kuomba mkopo. Ndugu hawa wamekwisha kutuonyesha kwamba wako tayari kufundisha: katika miaka ya 1990 walisaidia kuanzisha kituo cha mafunzo ya wakulima huko Mkindo, mkoani Morogoro, na kwa mchango wa wakulima wao wenyewe. Tuwaombe sasa watufundishe uzalishaji wa mbegu za mchikichi na ujenzi wa vinu vidogo vinavyoweza kusimama kijijini. Vijana wa Kigoma waende Bogor na Sumatra, wakae huko misimu miwili, warudi na utaalamu. Mbegu ya mti huo ilitoka Afrika. Kuomba ujuzi wake si kuomba sadaka.

Pili, tuijue mipaka ya mkono wetu. Indonesia ilitia saini mkataba wa upendeleo wa biashara na Msumbiji mwaka 2019. Wako wanaouliza kwa nini sisi tumechelewa. Msumbiji ina uhuru wa kupanga ushuru wake. Sisi tumo katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kazi mwaka 2005, na ushuru wa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya hupangwa kwa pamoja. Kwa hiyo mazungumzo ya ushuru na Jakarta yanapita Arusha. Maofisa wasiwaahidi wananchi jambo ambalo haliwezi kuamuliwa Dodoma peke yake. Na wakienda Arusha, waende na hesabu za mkulima wa alizeti mkono mmoja, na hesabu za mama wa karai mkono wa pili.

Tatu, karafuu isirudishwe tena katika kapu la mteja mmoja. Indonesia bado hununua karafuu yetu miaka ambayo mavuno yake yanapungua, na inunue, karibu sana. Lakini mnunuzi anayelima zao lile lile ni mnunuzi wa dharura. Akivuna vizuri hutamuona. India, nchi za Ghuba na Ulaya zinataka karafuu ya kula, na Zanzibar ina jina ambalo fedha haiwezi kulinunua. Jina hilo lilindwe kwa usafi wa zao. Karafuu iliyoanikwa vizuri juani iuzwe kwa daraja lake, na mpeta usichanganywe humo kwa tamaa ya kilo mbili.

Nne, daftari liwe wazi. Kila mwaka wananchi waelezwe kwa lugha nyepesi: tumeiuzia Indonesia nini na kwa kiasi gani, tumenunua nini na kwa kiasi gani, na katika zile hati zilizotiwa saini mwaka 2023 na 2024 ni zipi zimezaa kitu kinachoonekana kwa macho. Hati isiyozaa isihesabiwe kuwa mafanikio. Viongozi wa Chama katika mashina na matawi wapewe taarifa hizo ili waweze kuwajibu wananchi, badala ya kubaki na kazi ya kupiga makofi.

NENO KWA WAKULIMA

Na kwenu ndugu wa Visiwani tunalo neno. Serikali imekuwa ikiotesha na kugawa miche ya mikarafuu. Mche uliopokelewa na kuachwa ukafia kibarazani ni hasara ambayo hakuna wa kulaumiwa ila aliyeupokea. Anayepanda mkarafuu leo, kwa kawaida hapandi kwa ajili yake, anampandia mwanawe na mjukuu wake. Ndivyo walivyofanya wakulima wa Sulawesi miaka ya 1970, na ndiyo maana watoto wao walikuja kutunyang'anya soko bila kupiga hata risasi moja. Wala hawakutudhulumu. Walipanda.

Vivyo hivyo kwa ndugu wa Kigoma. Mchikichi wa zamani aliouacha babu una heshima yake, lakini shamba jipya lipandwe mbegu mpya, na wanaojenga vinu wasingoje mpaka chikichi zioze ndipo waje na mizani.

Baina ya nchi mbili zilizopakana na bahari moja, biashara ni jambo la lazima. Pwani yetu hii inalijua hilo tangu kale. Makaburi ya zamani ya hapa Kunduchi yamepambwa kwa vyombo vya kaure vilivyotoka China, ushahidi kwamba wazee wetu hawakuogopa kununua kilichotoka mbali. Lakini wazee wale walikuwa na cha kupakia chomboni kinapogeuza tanga. Viongozi wetu watakapokwenda tena Bogor, au watakapowapokea tena wageni kutoka huko, waulizwe na wananchi swali moja lililo rahisi kuulizwa na gumu kujibiwa: safari hii tumepanda nini?